Kuongeza alama za Veda kwenye fonti ya Kitamil: kuchora ni kazi ndogo, shughuli iko kwenye nanga

#1 MchoraHerufi

Wakuu, salaam.

Kuna wadau walinibana kwenye uzi wa fonti za bure, wakataka kujua nahangaika nini na Kitamil wakati hata kusalimia kwa lugha hiyo sijui. Jibu fupi: kazi. Mteja wangu yuko Chennai, India, anachapa vitabu vya sala za Kisanskriti kwa herufi za Kitamil. Fonti aliyoipenda ni nzuri kweli, ila haina alama za Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu. Nikasema nikiimaliza nitaileta hapa, maana mtu akitafuta habari hizi kwa Kiswahili hapati kitu.

Kwanza tuelewane tatizo liko wapi. Kitamil kina irabu 12, konsonanti 18, na kale kadude ka nukta tatu, ஃ. Herufi க peke yake inabeba sauti ya "ka" na ya "ga", msomaji anajua ipi kwa kuangalia ilipokaa kwenye neno. Kisanskriti hakikubali hivyo. Kinatenganisha ka, kha, ga na gha, na ukikosea umesoma neno lingine. Ndiyo maana Watamil wa zamani waliandika Kisanskriti kwa maandishi mengine kabisa, yanaitwa Grantha. Leo wanaosoma Grantha ni wachache, kwa hiyo wachapaji wanatumia herufi za Kitamil za kawaida na kuzitundikia tarakimu:

க = ka, க² = kha, க³ = ga, க⁴ = gha

Herufi kama ஜ, ஷ, ஸ na ஹ zilihamia Kitamil kutoka Grantha siku nyingi, zimo kwenye fonti zote. ஶ ilichelewa, iliingia Unicode (orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake) toleo la 4.1 mwaka 2005, kwa hiyo kwenye fonti za zamani usishangae ukiikosa.

Hapo bado hatujafika kwenye Veda. Mistari ya Veda ina kiimbo, na kiimbo kinaandikwa. Sauti ya chini (anudatta) inapata kistari cha kulala chini ya herufi. Svarita inapata kistari kilichosimama juu. Svarita ndefu inapata vistari viwili juu. Udatta haiandikwi chochote. Huu ndio mstari ninaoujaribia, ni wa Yajurveda ya Taittiriya ambayo ndiyo inasomwa sana kusini mwa India:

நம॑ஸ்தே ருத்³ர ம॒ந்யவ॑

Kama kwenye simu yako unaona viduara vya nukta nukta, au vistari vimekaa pembeni badala ya juu ya herufi, basi umeshauona ugonjwa wenyewe bila mimi kuueleza.

Naendelea chini, ngojeni.

#2 nyoka_wa_kibodi

Naweka kiti hapa. Kwangu vistari vimeelea kama mbu.

#3 MchoraHerufi

Tuendelee. Jambo la kwanza nililomwambia mteja: hatubuni kodi mpya, yaani namba mpya za herufi. Fonti nyingi za vitabu vya sala zilizotengenezwa zamani zilifanya hivyo. Mtu anachora svarita, anaiweka mahali pa herufi nyingine ya Kilatini au kwenye eneo la Unicode lisilo na mwenyewe, kitabu kinachapwa vizuri, watu wanapiga makofi. Miaka kumi baadaye mtu anataka maandishi yale yaende kwenye tovuti au fonti nyingine, anakuta takataka. Huwezi kutafuta neno, huwezi kunakili, huwezi kubadilisha fonti.

Na wala hakuna sababu, kwa kuwa alama zipo:

U+0951 ndiyo svarita ya kistari kimoja. Tahadhari: jina lake rasmi linaitaja kama udatta ya Kidevanagari (maandishi ya Kihindi), na Unicode haibadilishi jina likishatoka. Ukiisaka kwa jina la svarita utazunguka sana.

U+0952 ndiyo anudatta.

U+1CDA ndiyo svarita ya vistari viwili. Hii iko kwenye kundi la nyongeza za Veda, U+1CD0 hadi U+1CFF, lililoingia na Unicode 5.2 mwaka 2009.

Msitishwe na neno Devanagari kwenye majina. Unicode ina orodha inayoonyesha kila alama inatumiwa na maandishi yapi, na zote tatu hizi Kitamil kimetajwa. Tarakimu ² na ³ na ⁴ ni zilezile za kawaida: U+00B2, U+00B3 na U+2074.

Kwa hiyo glifu mpya, yaani michoro ya herufi, ni chache mno. Kistari, kistari, vistari viwili. Unazichora huku chai inachemka. Sasa ndiyo kasheshe inaanza.

#4 Bint_Kodi

Kaka swali la mgeni. Kama U+0951 iko tayari kwenye fonti za Kihindi zilizomo kwenye kompyuta, kwa nini programu isiichukue huko huko? Kwa nini uiongeze kwenye fonti ya Kitamil?

#5 MchoraHerufi

> Bint_Kodi alisema: kwa nini programu isiichukue huko huko?

Inaichukua, dada, na ndipo inapoharibu. Programu ikikosa alama kwenye fonti yako inakwenda kuiazima kwenye fonti nyingine. Lakini ikishaazima, mstari unakatwa vipande: herufi ம inapangwa na fonti yako, kistari kinapangwa peke yake na fonti ya jirani. Fonti ya jirani haijui ம ina upana gani wala urefu gani. Inaona alama isiyo na herufi ya kuikalia, basi inaiwekea kiduara cha nukta iikalie. Hicho ndicho kiduara mnachokiona kwenye simu zenu.

Herufi na alama yake lazima zitoke kwenye faili moja. Hakuna njia ya mkato.

Na kuna mtego mwingine hapohapo. Watu wengi hufungua fonti ya Kidevanagari yenye leseni huria, wananakili zile glifu pamoja na kanuni zake za kupanga, wanabandika kwenye ya Kitamil. Glifu zinaonekana, kanuni hazifanyi kazi. Sababu ni kwamba kanuni za OpenType (mfumo wa kupanga herufi ulio ndani ya fonti) zimesajiliwa kwa maandishi: za Kidevanagari ziko chini ya `dev2`, za Kitamil chini ya `tml2` (na `taml` kwa programu za zamani). U+0951 haina maandishi yake yenyewe, inarithi ya herufi iliyotangulia. Ikitanguliwa na ம, injini (sehemu ya programu inayopanga herufi) inatafuta kanuni chini ya `tml2`, inakuta patupu. Mtu anakaa anahariri umbo la kistari usiku kucha na umbo halina kosa lolote.

#6 MzeeWaRisasi

Vijana mnajitesa. Sisi tuliopanga herufi za risasi kwa mkono, kistari cha juu tulikuwa tunakichonga pamoja na herufi. Herufi yenye kistari ni kipande kimoja, huna haja ya nanga. Kwa nini usichore ம yenye kistari, ந yenye kistari, na kadhalika?

#7 MchoraHerufi

Shikamoo mzee. Nilishaipigia hesabu. Kwa Kisanskriti huhitaji ழ wala ற wala ன, kwa hiyo kwenye zile 18 zinabaki 15. Ongeza ஜ ஶ ஷ ஸ ஹ zinakuwa 20. (ள usiitoe, iko kwenye mstari wa kwanza kabisa wa Rigveda.) Kila moja kati ya hizo 20 ina umbo lake tupu, la "i", la "ii", la "u" na la "uu". Hizo 100. Irabu zinazosimama peke yake ni 10 ukiacha எ na ஒ fupi. Jumla 110, na க்ஷ bado sijaihesabu. Zidisha mara tatu kwa alama tatu za kiimbo. Halafu mteja akisema kistari kimenenepa kidogo, unarudia 330.

Ila hoja yako ina ukweli mmoja mzee wangu, nayo ndiyo iliyonipa kazi kubwa. Kwenye fonti za Kitamil கி, கீ, கு na கூ mara nyingi ni glifu zilizochorwa nzima nzima kama ulivyosema. Ukiweka nanga kwenye க tupu peke yake, unajaribu க॑ inakaa sawa, unafurahi, unampelekea mteja. Anaandika கீ॑ na kistari kinazama ndani ya kile kitanzi cha juu cha "ii". Nanga ya க haihamii kwa கீ. Ni glifu nyingine, inataka nanga yake.

Kwa ambao hawajawahi kufungua faili la fonti: nanga ni nukta mbili zinazokutana. Moja iko kwenye herufi, mahali unapotaka alama ikae. Nyingine iko kwenye alama yenyewe. Injini inazigonganisha, basi. Mimi niliweka majina mawili, `juu` na `chini`.

Ya `juu` kwenye zile za "i" na "ii" nimeipandisha juu ya kitanzi. Ya `chini` inasumbua kwenye பு, சு, யு na வு, kwa sababu zina mkia unaoshuka chini ya mstari. Anudatta ikikaa kwenye kimo chake cha kawaida inaukata ule mkia, na msomaji anaona herufi ambayo haipo. Hapo nimeishusha mpaka chini ya mkia. Kuna wachoraji wanaopenda vistari vyote vya chini viwe kwenye kimo kimoja ukurasa mzima. Inapendeza ukiangalia ukurasa kwa mbali, lakini basi vyote lazima vishuke kama cha பு, na herufi zisizo na mkia zinaonekana kama zimepigiwa mstari na mwalimu. Mimi nimechagua vimo viwili.

#8 chogo

Samahani nitoke nje ya mada kidogo. Hivi Watamil wenyewe wanayataka haya? Nilisoma mahali kwamba Kisanskriti kule ni siasa nzito.

#9 Kalamu_ya_Mwanzi

> chogo alisema: Hivi Watamil wenyewe wanayataka haya?

Si nje ya mada mkuu. Vuguvugu la Kitamil safi lilianza 1916, Maraimalai Adigal akiwa mbele, na shabaha yake ilikuwa kuyaondoa maneno ya Kisanskriti kwenye Kitamil. Wapo mpaka leo wasiotaka hata kuandika ஜ na ஷ.

Mwaka 2010 jambo likafika kwenye Unicode. Kulikuwa na mapendekezo ya kuisajili Grantha, na toleo mojawapo lilitaka kuingiza ndani yake herufi tano za Kitamil ambazo Grantha haina: ழ, ற, ன na zile எ na ஒ fupi. Kelele zikapigwa, na serikali ya jimbo la Tamil Nadu chini ya Karunanidhi ikaiomba serikali kuu ya India isimamishe kwanza. Hatimaye Grantha ikaingia Unicode 7.0 mwaka 2014, bila zile tano. Wazo la kuongeza herufi maalumu za Kisanskriti ndani ya Kitamil chenyewe nalo halikupita. Ndiyo maana mleta mada anahangaika na tarakimu za kutundika, hakuna "kha" ya Kitamil yenye kodi yake na sidhani kama itakuja.

Kwa maoni yangu waliokataa walikuwa na hoja. Ukishaweka herufi kwenye kundi la Kitamil, kila kibodi na kila kitabu cha shule kitaulizwa kwa nini hakina. Tarakimu zinamtosha anayesoma sala na hazimgusi asiyesoma.

#10 MchoraHerufi

Asante mkuu Kalamu, umenipunguzia kuandika.

Sasa tarakimu zenyewe. Hapa ndipo fonti nyingi zinafeli, na ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pengine popote.

Mpangilio wa kuandika ni huu: konsonanti, irabu, tarakimu, kiimbo. Yaani "gaa" yenye svarita ni க, halafu ா, halafu ³, halafu ॑. Mtu kwa akili ya kawaida anaandika க³ kwanza kwa sababu ndiyo "ga", kisha anaongeza ா. HarfBuzz, ambayo ndiyo injini ya Firefox, Chrome, Android na LibreOffice, inaichukua ile tarakimu kama mkia wa silabi. Mkia ukishafika silabi imefungwa, ா inayofuata haina mwenyewe, inapewa kiduara. Si kosa la fonti na huwezi kulitibu ndani ya fonti. Mwambie mwandishi. Konsonanti isiyo na irabu nayo ni vilevile, pulli (nukta ya juu inayoondoa irabu) kwanza kisha tarakimu: த்³, kama ilivyo kwenye ருத்³ர.

Sasa angalia kinachotokea kwa kiimbo. Kistari kinakuja baada ya tarakimu. Injini inapotafuta herufi ya kukiweka inarudi nyuma na kuishia kwenye kitu cha kwanza kisicho alama, nacho ni ³. Kistari kinakwenda kukaa juu ya tarakimu! Msomaji anaona vidude viwili vimebebana kwenye kona ya juu na hajui ataimba nini.

Nilichofanya: tarakimu nimeipa nanga yake ya `juu`, lakini nimeisogeza kushoto kwa namba hasi, itue katikati ya herufi iliyotangulia. Mtaniuliza, herufi zina upana tofauti, itakuwaje? Bahati nzuri tarakimu hazipandi kila herufi. Ni க, ச, ட, த, ப na ஜ, basi. Kwa hiyo kuna kanuni ya muktadha: ikitangulia க sogeza kiasi hiki, ikitangulia ட sogeza kiasi kile. Kanuni sita zinamaliza, pamoja na nyongeza kwa silabi zenye ா.

Na kwenye zile zenye ா au ோ muamue mapema na mteja. Kiimbo kikae juu ya konsonanti, au juu ya kipande cha mwisho cha irabu? Ukiiacha injini yenyewe itakiweka juu ya ா. Mteja wangu alitaka juu ya konsonanti.

Vipo vitabu vinavyoweka tarakimu chini, க₂. Kwa sala zisizo na kiimbo sawa. Kwa Veda siipendekezi hata kidogo, inagombana na anudatta.

#11 Bint_Kodi

Visarga (ile pumzi ya "h" mwishoni mwa neno) je? Naona kwenye vitabu wanaweka nukta mbili za kawaida, நம:

#12 MchoraHerufi

Ndiyo, nukta mbili za kibodi, na wasomaji wamezoea. Shida ni kwamba hiyo ni alama ya uandishi, haibebi kiimbo. Kidevanagari kinaandika visarga kisha svarita. Ukinakili mpangilio huo kwa Kitamil, svarita inaangukia kwenye nukta mbili na kiduara kinarudi. Andika kiimbo kwanza: நம॑:

Usahihi zaidi ni visarga ya Grantha, U+11303, ambayo Unicode inaitambua pia kwa Kitamil. Nimeiweka kwenye fonti ikiwa na umbo lilelile la nukta mbili, aliye tayari aitumie. Usitumie ஃ kwa kazi hii ingawa jina lake rasmi linaitaja kama visarga. Kwa Mtamil ile ni herufi kamili yenye sauti yake.

#13 mwana_wa_ajami

Haya mambo yanafanana na yetu. Kiarabu hakina p, v wala ch, waandishi wa Kiswahili cha kiarabu wakaongeza پ na ڤ na چ. Fonti nyingi za Kiarabu zinazo, ila ukiziwekea irabu juu unakuta nanga zimesahauliwa kwenye ڤ na fataha inakanyaga nukta tatu. Nitaijaribu njia yako. Unakaguaje bila kuangalia kwa macho mstari kwa mstari?

#14 MchoraHerufi

Kwa amri moja ya HarfBuzz, mkuu:

`hb-shape fonti.ttf "ம॒ந்யவ॑"`

Inakutolea majina ya glifu kwa mpangilio uliokwisha pangwa. Alama iliyoshika nanga inafuatwa na @ na namba mbili, ndizo umbali iliosogezwa. Kistari kisicho na @ kinaning'inia. Ukiona `uni25CC` ndicho kiduara. Niliandaa faili la silabi zote kwa alama zote, nikapitisha, nikatafuta mistari isiyo na @. Inakuonyesha penye ugonjwa, ingawa uzuri bado ni macho. Kwa ڤ itafanya kazi vilevile.

Hakikisha pia glifu ya kistari imewekwa kwenye kundi la alama na upana wake ni sifuri. FontForge, programu ya kuhariri fonti, mara nyingi inajua yenyewe ikiona nanga, lakini angalia.

Windows na Apple wana injini zao, zijaribie mbali. Usiamini kilichopita kwenye HarfBuzz kitapita kote.

#15 MzeeWaRisasi

Na nafasi kati ya mistari? Vistari juu, mikia chini, na kistari chini ya mkia. Kwenye risasi tungeongeza vipande vya kutenganisha mistari.

#16 MchoraHerufi

Mzee umegonga penyewe. Vistari viwili juu ya கீ vinapita kimo cha juu cha fonti, na kwenye Windows kinachopita kimo kilichoandikwa ndani ya faili kinaweza kukatwa, unaona nusu kistari. Ukipandisha kimo hicho, kila waraka wa zamani uliopangwa kwa fonti ile unatanuka na kurasa zinahama. Mteja ana vitabu vilivyokwisha pangwa, asingekubali.

Kwa hiyo ya Veda nimeitoa kama fonti ya pembeni yenye jina lake, vimo vimepanuliwa. Ile ya awali imebaki ilivyo. Jina ingelazimika kubadilika hata hivyo: leseni ni OFL (leseni huria ya fonti) na wenye fonti wamehifadhi jina, ukihariri huruhusiwi kuitoa kwa jina lilelile.

#17 nyoka_wa_kibodi

Mimi nauliza la kijinga. Anayeandika anazipata wapi hizo alama? Kibodi ya simu yangu ya Kitamil haina hata ².

#18 Kalamu_ya_Mwanzi

Wengi hawaandiki, wanageuza. Maandishi ya Veda yapo tele kwa Kidevanagari yakiwa na kiimbo. Unayapitisha kwenye kigeuzi cha maandishi kiitwacho Aksharamukha, unachagua Kitamil, yanatoka na tarakimu zake. Kisha unakagua visarga kama mleta mada alivyosema hapo juu.

#19 MchoraHerufi

Hivyo hivyo. Kagua pia mpangilio wa tarakimu na irabu, maana si kila kigeuzi kinafuata mmoja.

Samaveda sijaigusa. Ile inaandikwa tarakimu na herufi nzima juu ya silabi, na kwa Grantha Unicode imeziwekea kodi, U+11366 na kuendelea. Mteja akiitaka nitafungua uzi mwingine, na bei nyingine.